Utando wa Tumbo si wa Milele: Tuwaeleze Wagonjwa kwa Lugha Wanayoielewa

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Niliikumbuka kauli hiyo likizo iliyopita nilipokwenda kumjulia hali mjomba wangu kijijini Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, katika Kaunti ya Taita Taveta. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ndiye aliyenifundisha alfabeti kabla sijafikia umri wa kuandikishwa shuleni. Figo zake zimeshindwa kazi. Mara mbili kila juma hudamka alfajiri akapanda matatu hadi Voi kusafishwa damu kwa mashine, na jioni hurejea akiwa hoi. Msimu wa masika barabara huteleza. Msimu wa kiangazi ndovu huzagaa njiani wakitafuta maji. Hiyo ndiyo safari ya mtu aliyepita umri wa miaka sabini, na haina likizo.

Tukiwa tumeketi kivulini, aliniuliza: "Mpwa wangu, wewe ni daktari. Nimesikia kuna njia ya kusafisha damu kwa mifuko ya maji, nyumbani, pasi na mashine. Mmoja ameniambia haina madhara hata chembe. Mwingine ameniambia inaoza matumbo. Ni yupi mkweli?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Udaktari wangu ni wa maneno, si wa miili. Nimeupata kwa kuchambua vitenzi, na hakuna mtu aliyepata kupona figo kwa kuchambuliwa vitenzi. Hata hivyo, kadiri nilivyolitafakari swali lake ndivyo nilivyotambua kuwa sehemu yake moja ilikuwa ya taaluma yangu. Wale watu wawili hawakutofautiana juu ya tiba tu; walitofautiana kwa sababu hakuna aliyewapa maneno ya kupimia hatari. Nilirudi chuoni, nikasoma, nikawauliza wenzangu wa kitivo cha tiba. Makala haya ni jibu langu kwa mjomba, na kwa kila mwalimu na mwanafunzi ambaye huenda siku moja akaulizwa swali kama hilo.

Tuanze na njia yenyewe. Ndani ya tumbo la kila binadamu mna utando mwembamba uliolifunika tumbo kwa ndani na kuuzingira utumbo. Umejaa mishipa midogo ya damu. Daktari huingiza mpira mwembamba tumboni na kuuacha humo daima, ncha yake ikitokeza nje. Kupitia mpira huo mgonjwa hujimiminia maji maalumu yenye glukosi, kwa kawaida lita 2, akayaacha tumboni kwa saa nne hadi sita. Katika muda huo taka zilizomo damuni hupenya utando na kuingia katika maji yale, na glukosi huyavuta maji ya ziada kutoka mwilini. Kisha mgonjwa huyatoa, akatia mengine. Aghalabu hufanya hivyo mara nne kwa siku, siku zote za mwaka. Utando wa tumbo, basi, hufanywa chujio badala ya figo.

Njia hii si ngeni ulimwenguni. Mwaka wa 1968 Henry Tenckhoff, aliyefanya kazi Seattle, Marekani, alibuni mpira wa kudumu ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1976, mjini Austin, Robert Popovich na Jack Moncrief walieleza namna mgonjwa anavyoweza kubeba maji tumboni mchana kutwa huku akiendelea na shughuli zake. Hong Kong iliifanya kuwa njia ya kwanza kwa wagonjwa wake wa hospitali za umma tangu mwaka wa 1985. Afrika Mashariki nayo haikuachwa nyuma kabisa. Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Taveta, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, wameitumia kuwaokoa watu ambao figo zao zimezimika ghafla kutokana na maradhi kama malaria au matatizo ya uzazi, na habari za wagonjwa wao wa mwanzo zilichapishwa mwaka wa 2012.

Hapo pana tofauti ambayo msomaji hana budi kuizingatia. Mgonjwa ambaye figo zake zimezimika ghafla huhitaji mifuko kwa siku au majuma machache, hadi figo zizinduke. Mjomba, ambaye figo zake hazitazinduka, ataihitaji kwa miaka. Hatari ninayotaka kuieleza haimhusu yule wa siku chache. Inamhusu yule wa miaka mingi.

Hapa kwetu Kenya, wagonjwa wengi wa figo husafishwa damu kwa mashine. Mwaka wa 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali za kaunti, mashine za kusafisha damu zikiwemo, na kwa hivyo huduma iliyokuwa ya miji mikubwa ikasogea karibu zaidi na wananchi. Njia ya mifuko imebaki nyuma, kwani katika nchi nyingi za Afrika maji yake huagizwa kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa. Hata hivyo, kwa mtu wa Rukanga, Makwasinyi au Bungule, mantiki yake haihitaji wakili: badala ya mgonjwa kuifuata tiba Voi, tiba inamfuata mgonjwa nyumbani. Ndiyo maana wapo wanaoisifu bila kusita. Na ndiyo maana ni wajibu wetu kuuliza: je, baada ya miaka mingi, utando ule unakuwaje?

Jibu ni kwamba utando huo haukuumbwa kuwa chujio la maji yenye sukari. Hustahimili, lakini huchakaa. Kwa wagonjwa wengi uchakavu huo huishia katika utando kuwa mnene kidogo na kupungukiwa na uwezo wa kuvuta maji. Kwa wachache, hutokea jambo baya zaidi, ambalo kwa wagonjwa wa njia hii lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1980. Utando huwa mgumu kama ngozi iliyokaushwa juani, ukajikunja na kuuzingira utumbo, kama vile kiwavi anavyojifunga ndani ya kifuko alichojisokotea. Utumbo uliofungwa namna hiyo haujongei. Mgonjwa hukosa hamu ya chakula, huumwa na tumbo, hutapika, hukonda. Pengine maji anayoyatoa huwa na damu. Mwishowe utumbo huziba. Madaktari wanao ujuzi wa kupambana nao: kumlisha mgonjwa kwa uangalifu, kumpa dawa, na pengine kumpasua ili kuubandua utando huo. Lakini upasuaji huo ni wa mafundi wachache.

Je, ni wangapi wanaopatwa? Utafiti mmoja mashuhuri wa Japani, uliochapishwa mwaka wa 2004, uliwafuatilia wagonjwa 1,958. Waliopatwa ni 48, yaani takriban asilimia 2.5, na kati ya hao 48, waliofariki ni 18. Ugonjwa huu, basi, ni nadra, lakini ni mkali. Takwimu za utafiti huo zinazopaswa kuandikwa ubaoni, hata hivyo, ni hizi: kwa muda wa miaka 3, hapakuwa na aliyepatwa, kwa miaka 5, asilimia 0.7, kwa miaka 8, asilimia 2.1; kwa miaka 10, asilimia 5.9, na kwa wale waliotimiza miaka 15 na zaidi, asilimia 17.2.

Kihatarishi cha kwanza, basi, na kilicho kikuu kuliko vyote, ni muda. Aliye mwaka wa pili hayuko mahali alipo yule wa mwaka wa kumi na mbili.

Cha pili ni sukari. Mfuko mwepesi wa lita 2 una gramu 27 hivi za glukosi. Mfuko mzito una gramu 77 hivi. Mgonjwa anayekunywa maji mengi au kula chumvi nyingi hujaa maji mwilini, na ili ayatoe hulazimika kutumia mifuko mizito. Mifuko mizito huuchakaza utando upesi zaidi. Utando uliochakaa huinyonya glukosi kwa haraka, na kwa hivyo huvuta maji machache. Mgonjwa hulazimika kuongeza mifuko mizito tena. Hilo ni duara lisilo na mlango wa kutokea. Namna ya kulikwepa ni kuanza nalo mapema: kupunguza chumvi, kupima maji anayokunywa, na kuuhifadhi mkojo wowote ambao figo bado zinaweza kuutoa, kwani kila kikombe kinachotoka kwa njia ya asili ni kikombe kisichohitaji sukari kukivuta.

Cha tatu ni maambukizi. Viini vikipenya kupitia mpira, utando huvimba, tumbo huuma, na maji yanayotoka, ambayo kwa kawaida huwa maangavu, huwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Shambulio moja lililotibiwa upesi linaweza kupita. Mashambulio makali au ya kurudiarudia huacha makovu, na makovu hayo huweza kuutayarishia njia ule ugumu niliouelezea.

Cha nne ni cha kihistoria, lakini kina funzo. Zamani baadhi ya maji haya yalitengenezwa kwa asetati, na mahali pengine mirija ilisafishwa kwa klorheksidini, dawa ya kuua viini. Vyote viwili vilihusishwa na ugonjwa huu, na matumizi hayo yakaachwa. Funzo ni kwamba hatari nyingine haitoki kwa mgonjwa wala kwa uchafu wake. Hutoka katika kifaa alichopewa. Tusiwe wepesi wa kuwalaumu wagonjwa.

Cha tano kinawahusu vijana. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wanaoianza njia hii wakiwa na umri mdogo wamo hatarini zaidi, pengine kwa sababu wana miaka mingi zaidi mbele yao ya kuitumia. Na cha sita ndicho kinachoshangaza kuliko vyote: wagonjwa wengi hugunduliwa baada ya kuacha njia ya mifuko. Mtu huhamia kwenye mashine, au hupata figo mpya kwa upandikizaji, akashukuru Mungu na kusahau mpira wake. Miezi au miaka baadaye tumbo linaanza kumsumbua. Yamkini maji yale yalikuwa yakiuosha utando kila siku, na yalipokoma, vitu vinavyogandisha vikapata nafasi ya kukaa. Kwa hivyo mtu aliyewahi kuitumia njia hii kwa miaka mingi, akisikia tumbo likimsokota na chakula hakimpendezi, yampasa amweleze daktari historia yake yote, hata kama daktari hakuiuliza.

Hapo ndipo taaluma yangu inapoingia. Katika Kiswahili tunayo maneno mawili yanayofanana kwa sura: kisababishi na kihatarishi. Yote mawili yameundwa kwa namna moja, kutokana na vitenzi sababisha na hatarisha. Lakini maana zake zimeachana. Kisababishi huleta jambo: mbu aliyebeba vimelea ni kisababishi cha malaria. Kihatarishi humsogeza mtu karibu na jambo, bila kulileta kwa lazima. Anayetembea usiku katika njia ya ndovu amejihatarisha, lakini si kila anayetembea usiku hukanyagwa. Na wapo waliokanyagwa mchana.

Neno kihatarishi limezoeleka zaidi katika maandishi ya afya ya Tanzania. Sisi wa Kenya aghalabu husema "sababu" kwa yote mawili, na hapo ndipo madhara huanza. Mgonjwa akiambiwa kwamba "sababu" ya ugonjwa huu ni miaka mingi ya mifuko, husikia hukumu: ukitumia mifuko, utumbo utafungwa. Huyo ndiye aliyemwambia mjomba kwamba matumbo huoza. Mwingine, kwa kuwa amemwona mtu aliyetumia mifuko kwa miaka mitatu akiwa mzima, husema hakuna hatari. Wote wawili wamekosa neno moja, na kwa kulikosa wamekosa kweli.

Walimu wa hesabu nao wana la kufanya. Ile asilimia 17.2 haimaanishi kwamba kati ya wagonjwa wote 100 wa mifuko, 17 watapatwa. Inawahusu wale tu waliofikisha miaka 15 na kuendelea, na hata miongoni mwao, zaidi ya 80 kati ya 100 hawakupatwa. Swali la kwanza la kumfundisha mwanafunzi kila aonapo asilimia ni hili: asilimia ya nani? Asiyeuliza hivyo atatishwa na kila takwimu, au atazidharau zote.

Sasa turudi Rukanga. Mifuko minne ya lita 2 kwa siku ni lita 8. Kwa siku 30 ni mifuko 120, yaani lita 240. Itawekwa wapi katika nyumba ya mabati ambayo joto lake la adhuhuri tunalijua? Maji haya huhitaji mahali pakavu pasipo na joto kali. Maji ya kunawa mikono, je? Kijiji hiki hunywa maji yatokayo mlimani kwa mabomba, na kiangazi kikipamba moto kila ndoo huhesabiwa. Mgonjwa hapaswi kuchagua baina ya kunawa na kupika. Tena, maji yakitoka na ukungu saa tatu usiku, ampigie nani simu, na atafikaje hospitalini kabla ya kukucha? Maswali haya hayaikatai njia ya mifuko. Ni masharti yake. Anayeileta Kasigau bila kuyajibu ameleta nusu ya tiba.

Fauka ya hayo, kila mgonjwa anastahili kuwa na daftari lake, lililoandikwa kwa Kiswahili: tarehe aliyoanza, uzito wa mifuko anayotumia, kiasi cha maji yanayotoka, kila shambulio la viini na tiba yake. Mwalimu hatamruhusu mtoto apande darasa bila rekodi. Vipi basi tumwache mtu aingie mwaka wa sita wa mifuko bila hata mstari mmoja? Daftari hilo ndilo litakalomwezesha daktari kuona kwamba utando unaanza kuchoka. Mwongozo wa mwaka wa 2017 wa jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa njia hii haukuweka ukomo mmoja wa miaka kwa watu wote. Umeacha kila mgonjwa aamue pamoja na daktari wake, kwa kuzingatia umri, hali yake na njia mbadala alizo nazo. Lakini mtu hawezi kushiriki uamuzi ulioelezwa kwa lugha asiyoielewa. Kumsainisha karatasi ya Kiingereza mzee anayeota kwa Kikasigau, kisha kusema ameridhia, ni kuidhihaki ridhaa.

Nilimrudia mjomba nikamsomea haya yote. Alinisikiliza kwa utulivu kama alivyokuwa akisikiliza watoto wakisoma kwa sauti darasani. Kisha akauliza: "Ile hatari kubwa inaanza mwaka wa ngapi?" Nikamjibu kwamba hupanda pole pole baada ya mwaka wa tano, na zaidi baada ya wa nane. Akatabasamu. "Mpwa wangu, kwa umri wangu, barabara ya Voi itanimaliza kabla ya huo mwaka wa nane. Mimi nitamwuliza daktari kuhusu mifuko, naye atanieleza kama nafaa. Lakini yule binti wa jirani aliye kidato cha pili, ambaye figo zake zimeanza kulegea, yeye ana miaka sitini ya kuishi. Mwandikie yeye."

Alikuwa amelielewa neno kihatarishi kuliko mimi niliyemfundisha. Hatari ile ile, kwa watu wawili wa kijiji kimoja, si hatari moja. Kwa mzee, miaka michache ya kupumzika nyumbani huenda ikawa na thamani kuliko tishio lililo mbali. Kwa binti, mifuko inaweza kuwa daraja zuri la kumvusha shule akingoja figo ya kupandikizwa, mradi anayemvusha aihesabu miaka, auchunge utando, na asimwache mara tu anapofika ng'ambo.

Kwa hivyo nimeandika, binti, kama nilivyoagizwa. Ukienda hospitalini, uliza mambo matatu: nitatumia njia hii kwa miaka mingapi, mtaupimaje utando wangu, na baada ya kuiacha, nani atanifuatilia? Ukijibiwa kwa lugha usiyoielewa, uliza tena. Kuuliza si ujinga.